Ua la mpira mwekundu: miaka mitatu majani matupu, kosa liko wapi?

#1 Mkazi wa Goba (7 Septemba 2025)

Wakuu, habari za Jumapili.

Nina ua ambalo mtaani kwetu wanaliita mpira wa moto. Linatoka kwenye kitunguu kikubwa kama ngumi ya mtoto. Mvua zikianza linasukuma bua tupu, juu yake mpira mmoja mwekundu, majani yanafuata baadaye. Nilichimba vitunguu vitatu kwa bibi, Kondoa, Oktoba 2021. Vilikuwa vimejiotea kwenye kichuguu nyuma ya zizi. Nikavipanda kwenye ndoo hapa Goba, Dar, na Desemba hiyohiyo vikachanua vyote vitatu ndani ya wiki moja. Nilipima kwa rula ya mwanangu, mpira mkubwa ulifika sentimita 17 upande hadi upande. Majirani wakawa wanaingia getini kupiga picha na ua, mimi mwenye nyumba hata salamu sipewi.

Tangu hapo ni majani. 2022 majani, 2023 majani, mwaka jana majani tena manene, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi. Ua hakuna.

Udongo ni mweusi wa bondeni, nimechanganya na mbolea ya kuku. Ndoo ni ile ya lita 20, vyote vitatu humo. Iko kwenye kivuli cha ukuta, jua inapata asubuhi mpaka kama saa nne. Nimekosea wapi?

#2 Nasoma Tu

Naweka kiti hapa. La mama yangu Tabata nalo limegoma, mwaka wa pili huu.

#3 Mzee wa Vichuguu

Mkuu, swali moja kabla wajuzi hawajajaa. Kati ya Juni na Novemba, ndoo hiyo inapata maji?

Nauliza kwa sababu kiangazi cha Kondoa ni kiangazi kweli. Mvua ikishakata mwezi wa nne au wa tano, ndiyo imetoka mpaka Novemba inapoishilizia. Kitunguu kinalala ardhini miezi sita au saba, kikavu, majani yamekufa yote. Mvua ya kwanza ndiyo inayokigongea mlango. Sasa wewe umekihamishia Goba, kuna vuli, kuna masika, na katikati kuna bomba uani. Mtu asiyelala ataamkaje?

#4 Dada Mapambo

Hiyo si amarilisi tu jamani? Ninazo sita nje hapa na zinachanua. Itoe kivulini, iweke jua kali, tia mbolea ya dukani, NPK, utanishukuru.

#5 Mwalimu wa Butere

Dada Mapambo #4, hapana. Zile zenye tarumbeta kubwa nne juu ya bua moja, zinazouzwa kwa jina la amarilisi, kitaalamu ni Hippeastrum, asili yake Amerika Kusini. Amarilisi yenyewe, Amaryllis belladonna, ni ya Rasi kule Afrika Kusini. La mleta mada ni Scadoxus multiflorus. Ukoo wao ni mmoja, ila ni sawa na kusema mbuzi na swala ni kitu kimoja kwa kuwa wote wana kwato.

Na hili ni letu kabisa. Linaota porini kuanzia Senegali mpaka Somalia, kushuka hadi Afrika Kusini, na ng'ambo ya bahari liko Yemen. Huku kwetu magharibi mwa Kenya huwa nalikuta chini ya miti kando ya mito. Huo mpira si ua moja, ni maua madogo mengi yaliyobanana kwenye kichwa kimoja, yanaweza kufika 200. Kila moja lina petali sita nyembamba kama uzi na nyuzi nyingine sita ndefu zenye kichwa cha njano. Nyuzi hizo ndizo zinazolifanya lionekane limechomoza kama brashi.

#6 Mkazi wa Goba

Shukrani Mwalimu.

Mzee wa Vichuguu, umenishika pabaya. Maji linapata kila siku ya Mungu. Lakini simwagilii mimi. Mama mkwe anaishi nasi tangu 2022, na akiosha mchele, maji yote yanaishia kwenye ile ndoo. Anasema kiumbe hakiachwi na kiu nyumbani kwa watu.

#7 Fundi Sado

Mama mkwe kaja 2022. Ua limegoma 2022. Wakuu kesi imeisha, fungeni uzi.

#8 Binti Kisarawe

Haijaisha. Mimi ninayo ardhini, Kisarawe, chini ya mwembe, kama kumi na tano hivi. Huku hatuna kiangazi cha Kondoa. Mwezi wa saba na wa nane mvua za mchoo zinapita, udongo wa chini ya mwembe haukauki kabisa. Na kila vuli yanachanua. Mwaka jana mwanangu aliyahesabu maua kwenye mpira mmoja akafika 143, akachoka, akasema mengine mama hesabu wewe.

Kwa hiyo hoja ya usingizi mkavu mimi siimezi yote. Majani kwangu yanakufa yenyewe mwezi wa sita hata kama udongo una unyevu. Kinalala kwa saa yake, hakisubiri ukame.

Mimi namuuliza mleta mada: umevifukia kina gani? Shingo ya kitunguu inatakiwa iwe usawa wa udongo au ichungulie kidogo. Watu wengi wanavipanda kama wanazika maiti.

#9 Mzee wa Vichuguu

Binti Kisarawe, chini ya mwembe mkubwa ni pakavu kuliko unavyofikiri. Mizizi ya mwembe inakunywa kila tone, na majani yake yanakinga mvua ndogondogo. Chimba nusu futi mwezi wa nane ndipo uniambie kama kuna unyevu. Ndoo ya plastiki isiyotoboka vizuri haina mwembe wa kuikausha.

#10 Binti Kisarawe

Mzee, nimechimba leo asubuhi kwa ajili yako tu. Juu pakavu, chini pana ubichi. Tumetoka sare.

#11 Mtu wa Darajani

Asalaam aleikum. Mie niko Maskati, kwetu Unguja. Ntakupeni kisa changu mkitazame wenyewe.

Nnacho kitunguu kimoja, kanipa jirani yetu Myemeni, kasema kwao milimani yapo. Mwaka wa mwanzo nkakitunza kama mtoto mchanga: maji kila siku, ndani kwenye kiyoyozi mchana, nje jioni. Majani chungu nzima, ua hamna. Mwaka wa pili nkenda Unguja, mamangu alikuwa mgonjwa, nkakaa miezi mitatu na nusu. Chungu nlikisahau chini ya ngazi, penye kivuli. Joto la huku mwezi wa saba mwalijua, linapita nyuzi 40. Hakuna alokitazama wala alokitia tone. Nliporudi nkadhani kimekufa, hamna jani hata moja. Nkatia maji kwa kumwonea huruma tu yule Myemeni. Siku ya kumi na mbili pua ikachomoza, nyekundu kama kahawia, butu. Baada ya wiki mbili mpira huo.

Nambieni wenyewe.

#12 Nasoma Tu

Mama yangu amepona? (Samahani, nilitaka kuandika mama yako.)

#13 Mtu wa Darajani

Hahaha. Kapona, alhamdulillahi. Wako msalimie.

#14 Simba Damu

Ua jekundu. Linachanua mara moja tu kwa mwaka lakini likichanua mtaa mzima unajua. Hili ni la Msimbazi, halina mjadala.

#15 Kijani na Njano

Soma #5 vizuri. Vichwa vya zile nyuzi ni vya njano, na majani ni ya kijani. Wekundu ni jezi tu, ndani anayefanya kazi ni mwananchi.

#16 Kapteni wa Uzi

Mpira wenu pelekeni jukwaa la michezo. Huu hauna refa.

#17 Shamba la Kitale

Mimi naona mnazunguka tu. Mleta mada kasema mbolea ya kuku. Hapo ndipo tatizo lilipo. Mbolea ya kuku ina naitrojeni kali, inasukuma majani. Hata nyanya ukizijaza mbolea ya kuku utavuna majani. Mimi yangu yalikuwa hivyohivyo, nikaacha samadi kabisa, nikaanza kuweka majivu ya jikoni kijiko kimoja kwa mwezi wakati wa majani. Mwaka wa pili yakatoa maua mawili kati ya manne.

#18 Fundi Sado

Mawili kati ya manne ni sawa na kurusha shilingi.

#19 Shamba la Kitale

Ni sawa, lakini kabla ya hapo nilikuwa nikipata sifuri kati ya manne. Piga hesabu.

#20 Bwana Shamba Mstaafu

Nimesoma kimya, sasa niseme. Nilikuwa bwana shamba miaka mingi, lakini mimi ni mtu wa pamba, maua si fani yangu. Chukueni haya kwa kiasi.

Mwaka fulani, mwezi wa tisa, nilikuwa nalima pembeni ya nyumba, jembe likapasua kimojawapo katikati. Kilikuwa kimelala, hakina jani. Nikakiokota nikakitazama. Ni matabaka kama kitunguu maji, meupe, yana utelezi, yanatoa utomvu. Katikati kabisa, pale chini, kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya mtama, chekundu kwa mbali. Nikachukua miwani. Lilikuwa ua, limekwisha kuumbwa, limekaa linasubiri.

Maana yake nini? Ua la mwaka huu halitengenezwi na mvua ya mwaka huu. Limetengenezwa na majani ya msimu uliopita. Mvua inalitoa tu. Ndiyo maana vitunguu vya ndugu yetu vilichanua Desemba 2021 baada ya kuhamishwa: lile lilikuwa jasho la Kondoa, Goba haikuchangia chochote. Kwa hiyo asiulize nini kilitokea Desemba. Aulize nini kiliyapata majani kati ya Januari na Juni.

Yaliachwa yafe yenyewe, au kuna mtu aliyakata?

#21 Mkazi wa Goba

Bwana Shamba, shikamoo.

Yanakatwa. Kila mwezi wa tatu au wa nne, yakiwa mabichi kabisa. Majani yamebanana chini yakafanya kama shina, na lile shina lina madoadoa mekundu ya damu ya mzee. Mama mkwe anasema ni kama nyoka amesimama kwenye ndoo, usiku akienda chooni anashtuka. Anafyeka.

#22 Fundi Sado

Mama mkwe shtaka la pili.

#23 Mama Wawili

Muacheni mama wa watu, na kuhusu hofu yake si mjinga hata kidogo. Hilo ua lina sumu. Singida kwetu mbuzi wa jirani alivunja uzio akala majani, jioni akatokwa mapovu, asubuhi hakuamka. Sina ushahidi kuwa ndilo lililomuua, ila siku hiyo hakula kingine cha ajabu.

#24 Mwalimu wa Butere

Mama Wawili yuko sahihi kuhusu sumu. Karibu ukoo wote huo una alkaloidi, yaani kemikali za sumu za mimea, likorini ikiwamo, na kwenye kitunguu ndiko zimejaa zaidi. Kuna sehemu za Afrika limetumika kwenye sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Hatari kubwa nyumbani ni matunda yake, maana yakiiva ni mekundu ya machungwa, yamejaa kichwani kama pipi, yako usawa wa mtoto wa miaka mitatu. Ukiwa na mtoto anayetambaa, kata kichwa likishanyauka ua.

Utomvu nao unawasha baadhi ya watu. Vaa glavu au mfuko wa nailoni ukitenganisha vitunguu.

#25 Shamba la Kitale

Kitabu changu cha zamani kinaliita Haemanthus multiflorus. Ni kitu tofauti au?

#26 Mwalimu wa Butere

Ndilo hilohilo. Mtaalamu wa mimea Martyn aliliita Haemanthus mwaka 1795, kwa Kigiriki ni kama kusema ua la damu. Rafinesque akaja na jina la Scadoxus miaka ya 1830, lakini wengi wakampuuza, wakaendelea na Haemanthus. Mwaka 1976 Friis na Nordal wakayatenganisha tena. Haemanthus zikabaki zile za kusini mwa Afrika, zenye majani mawili matatu manene yaliyolala chini. Scadoxus ni hizi zenye majani mepesi yanayofanya shina la uongo. Hata kromosomu hazilingani, hizi zina 18 na zile 16.

Kwa hiyo ukinunua kitabu au mbegu, angalia majina yote mawili.

#27 Dada Mapambo

Sawa nimekubali si amarilisi. Ila jua bado nasimamia. Mmea usio na jua unapata wapi nguvu ya ua?

#28 Binti Kisarawe

Dada, weka moja juani Dar mwezi wa kwanza utaona majani yanavyoungua kingo, yanakuwa ya karatasi. Majani yake ni mepesi, yameumbwa kwa kivuli cha msitu. Jua la asubuhi linatosha. Kivuli kizito cha ukuta siku nzima nacho hapana. Kwa hiyo mleta mada hapo hajakosea sana.

#29 Mpwa wa Minnesota

Salamu kutoka kwenye baridi ya Marekani. Mimi nalilea huku, na nadhani huku ndiko mtu anajifunza, kwa sababu hakuna kitu kinachotokea bila wewe kukitaka.

Oktoba, kabla ya jalidi ya kwanza, naingiza vyungu ndani. Jalidi ikiligusa ni uji, kitunguu kinageuka maji. Naacha majani yajifie, siyavuti. Vyungu vinakwenda chumba cha chini ya nyumba, giza, nyuzi 13 au 15 hivi, na maji sitii kabisa mpaka Aprili. Miezi mitano na zaidi. Mei natoa, naweka karibu na dirisha lenye joto, natia maji ya uvuguvugu kidogo. Likisukuma ndipo naongeza. Juni au Julai ua.

Lakini kuna jambo hamjaligusa. Mwaka niliohamishia vitunguu kwenye chungu kikubwa, ili nivifurahishe, sikupata hata ua moja. Mizizi yake ni minene kama tambi nene, inavunjika ovyo, na haipendi kushikwashikwa. Nilisubiri miaka miwili mpaka vilipobanana tena. Vitatu kwenye ndoo ya lita 20 ni kama familia ya watu watatu kwenye ukumbi wa harusi. Mimi ningeviweka kwenye sado, ile ndoo ndogo ya rangi.

#30 Fundi Sado

Hatimaye mtu ametaja jina langu kwa heshima.

#31 Bwana Shamba Mstaafu

Kijana wa Minnesota, hoja ya kubanana naisikia kwa watu wengi lakini najiuliza kama si maji tena. Chombo kidogo kinakauka upesi. Huenda ua halipendi kubanwa, linapenda kukauka, na chombo kidogo kinalisaidia tu.

#32 Mpwa wa Minnesota

Huku kwenye chumba cha chini vyote vinakauka sawasawa mzee, kikubwa na kidogo. Na bado kikubwa kiligoma.

#33 Bwana Shamba Mstaafu

Basi hapo sina jibu.

#34 Mteja Aliyelizwa

Kuna mtu anauza vitunguu vyake? Mimi nilinunua kwa mtu wa mtandaoni, shilingi elfu kumi na tano kimoja, vinne. Nikapanda, nikafuata masharti yote ya kivuli na mchanga. Vikachipua. Nikamwita mke wangu aje aone. Akavunja jani moja akanusa, akaniambia hivi ni vitunguu maji, tena nitakatia kachumbari.

#35 Nasoma Tu

Angalau kachumbari ilipatikana.

#36 Mama Wawili

Hapo ulikuwa na bahati. Angekuuzia ya kweli na ukakatia kachumbari je?

#37 Binti Kisarawe

Usinunue, na msichimbe porini kila mmoja wetu. Nitakupa mbegu bure mwezi wa pili, uje na kopo. Ila uzipande siku hiyohiyo au wiki hiyohiyo. Ukiminya tunda unapata mbegu laini, kama maharage mabichi yaliyomenywa. Osha ule utelezi, laza juu ya mchanga wenye mboji, usizifukie zaidi ya nusu. Ukizianika kama mbegu za maboga umeziua.

#38 Shamba la Kitale

Na mwaka wa pili tayari lina ua.

#39 Binti Kisarawe

Mwaka wa pili? Kwangu ya mapema yalichukua minne, mengine mitano. Kwanza inatoa mzizi, mzizi unavimba unakuwa kitunguu kama punje ya njegere, ndipo jani moja. Mwaka mzima jani moja. Anayetaka haraka atenganishe vitoto vya pembeni, navyo vinataka miaka miwili mitatu.

Halafu mleta mada hajajibu: vitunguu vyako ni vilevile vitatu, au vimezaa? Visije vikawa vimegawanyika vikabaki vidogo vidogo.

#40 Mkazi wa Goba (12 Oktoba)

Nimerudi wakuu. Nimekung'uta ndoo nzima juzi. Matokeo:

Shingo zilikuwa chini ya udongo kiganja kizima. Binti Kisarawe, umeshinda.

Udongo wa chini ulikuwa tope lenye harufu, ndoo ilikuwa na tundu moja na lilikuwa limezibwa na mzizi. Mzee wa Vichuguu na Mtu wa Darajani, mmeshinda.

Vitunguu si vitatu tena, ni saba. Viwili ni vikubwa vimejaa, vitano ni vitoto. Kimoja cha zamani kimeoza, nimekitupa mbali na mbuzi, Mama Wawili usijali.

Mbolea ya kuku ilikuwa bado inanuka. Kitale, umeshinda.

Vikubwa viwili nimevipanda kwenye sado, mchanga nusu, mboji nusu, shingo nje, matundu manne nimetoboa kwa msumari wa moto. Vitoto viko kwenye kopo lingine.

#41 Mpwa wa Minnesota

Umebadilisha vitu vitano kwa siku moja. Likichanua hutajua ni kipi kilichoponya, lisipochanua hutajua ni kipi kilichoharibu.

#42 Mzee wa Vichuguu

Yeye anataka ua, hataki shahada. Muache.

Ila mkuu, kumbuka neno la Bwana Shamba. Ua la mwaka huu liko ndani tayari au halimo. Majani yalikatwa mwezi wa nne. Usitegemee sana Novemba hii.

#43 Kapteni wa Uzi

Swali la muhimu halijajibiwa. Mama mkwe ameambiwaje kuhusu maji ya mchele?

#44 Mkazi wa Goba

Hajaambiwa. Wewe ungemwambiaje?

#45 Mtu wa Darajani

Usimwambie "usimwagie". Mpe mmea wake mwengine. Mnunulie mrehani, uweke mlango wa jikoni, mwambie mama, huu nakukabidhi wewe, maji ya mchele yote yake. Na ile sado ipandishe juu ya ukuta asipofika.

#46 Fundi Sado

Huyu dada aongoze nchi.

#47 Mkazi wa Goba (9 Novemba)

Mrehani umeshanunuliwa, umefika kiunoni. Sado iko juu ya tangi la maji. Mvua ya kwanza ya kueleweka ilipiga usiku wa kuamkia Alhamisi, nikaiacha iinyeshee.

#48 Binti Kisarawe

Kwangu manne yametoka leo. Moja limeliwa na viwavi vile vyeusi vyenye mistari ya njano, vinaingia ndani ya bua vinalitafuna likiwa bado halijafunguka. Kagua kila asubuhi, viokote kwa mkono.

#49 Nasoma Tu

La mama Tabata limechanua jana. Hatujafanya chochote. Hatujakausha, hatujabadilisha ndoo, mbolea ileile. Miaka miwili limegoma, jana tu. Nasoma uzi huu tangu Septemba na sielewi tena kitu.

#50 Shamba la Kitale

Weka picha.

#51 Nasoma Tu

Mdogo wangu kalikata, kalipeleka kwa mchumba wake.

#52 Mkazi wa Goba (16 Novemba, saa 1:40 usiku)

Wakuu! Kwenye sado kuna kitu kimechomoza, kama sentimita mbili. Kina madoadoa. Ni ua au ni jani?

#53 Bwana Shamba Mstaafu

Madoadoa hayakusaidii, bua la ua linayo na shina la majani linayo. Tazama ncha. Jani linatoka limejisokota, lina ncha kali ya kijani. Ua linatoka butu, limefungwa kwenye ngozi nyekundu iliyofifia, kama kidole gumba.

#54 Mtu wa Darajani

Na mahala linapotokea. Mara nyingi ua huchomoza pembeni kidogo ya shingo, si katikati.

#55 Binti Kisarawe

Kwangu linatoka katikati wakati mwingine. Angalia ncha.

#56 Mkazi wa Goba

Umeme umekatika mtaa mzima. Nimepanda juu ya tangi na tochi ya simu, mama mkwe yuko chini ameshika ngazi, anauliza natafuta nini. Ncha naiona butu, lakini kuna tone la maji juu yake na chaji imebaki asilimia nne.

#57 Fundi Sado

Shuka kwanza mkuu.